Mshale Ulikuwa Katikati: Historia Fupi ya Injini Kuchemka, Kutoka Mannheim Hadi Mlima wa Riat

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Mwezi huu wote nimekuwa chini ya boneti ya gari badala ya mbele ya tarakilishi, na niliyoyakuta huko yamenifanya nisome historia kuliko nilivyosoma nikiwa chuoni.

Mjomba wangu ana pikapu ya dizeli yenye turbo, ya mwaka 2008, iliyoletwa Kenya ikiwa imeshatumika ng'ambo. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu ninayotaka kusema yanahusu magari mengi. Anabebea saruji na mabati kutoka Kisumu hadi Kakamega. Mwaka jana ilichemka, hedi ikapinda (hedi ni lile pande la chuma linalofunika silinda kwa juu), na matengenezo yakala karo ya watoto wake wawili kwa muhula mzima. Mwezi uliopita, akipanda mlima wa Riat akiwa na mzigo, mvuke ukafuka tena.

"Mshale ulikuwa katikati," aliniapia. "Katikati kabisa. Halafu ukaanza kushuka, nikasema alhamdulillahi, gari limepoa. Dakika mbili hivi nikaona moshi mweupe."

Mafundi wawili walishamwambia auze. Akanipigia mimi. "Wewe si umesomea kompyuta? Na hili gari lina kompyuta. Njoo uiulize."

Sikuwa na la kumjibu. Lakini maneno yake hayakunitoka kichwani. Mshale katikati, kisha unashuka, kisha injini inakufa. Nikiwa mtu wa programu, nikisikia kifaa kinasema mambo ni mazuri wakati mambo ni mabaya, nauliza kwanza: ni nani aliyekiandika kiseme hivyo?

Haya, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe Karl bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100 akijumlisha mizunguko. Gari lile halikuwa na rejeta kama tunayoijua. Maji yaliizunguka silinda, yakachemka, yakapaa, basi. Njia nzima alikuwa akisimama kutafuta maji. Ukiwahi kumwona dereva wa lori na mtungi wa lita ishirini kando ya barabara pale Timboroa, picha unayo. Lakini angalia: gari la Bertha halikuhitaji geji ya joto. Kuchemka ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na mvuke aliuona kwa macho.

Mwaka 1901 Wilhelm Maybach alibadilisha mambo. Katika gari jipya la Mercedes la nguvu-farasi 35 aliweka rejeta la sega la nyuki, lenye vijibomba 8,070 vya kupitishia hewa. Maji sasa yalizunguka na kurudi, hayakupaa tena hovyo, na lita chache zikatosha. Tangu hapo, gari likichemka ni ugonjwa.

Mwaka huohuo, mwezi Desemba, reli ya Uganda ilifika Kisumu. Hapa naomba mnivumilie, maana injini za mvuke zina funzo ambalo nililielewa baadaye sana. Dereva wa garimoshi hakuangalia joto. Aliangalia mambo mawili: presha, na kimo cha maji, ambacho alikiona kwenye bomba la kioo mbele ya uso wake. Tena injini hizo zilikuwa na kizibo cha risasi kwenye paa la chumba cha moto. Maji yakipungua mpaka paa likabaki wazi, risasi iliyeyuka na mvuke ukavuma ndani ya moto kumtahadharisha dereva kabla boila halijalipuka. Kizibo hakikupima joto la maji. Kilingoja kuhisi joto la chuma. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Model T ya Ford ilipotoka mwaka 1908, karibu magari yake yote hayakuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na gari likategemea hilo tu. Kwa barabara tambarare ilitosha. Kwa mlima ulihitaji kuambiwa mapema, na hapo ndipo alipoingia Harrison Boyce wa Marekani na kifaa chake kilichopata hataza mwaka 1912, Boyce MotoMeter. Ni kipimajoto chenye kioo cha mviringo, kinafungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje, mbele ya gari. Dereva alikiona akiwa amekaa kwenye usukani. Na sehemu ninayoipenda: kidole cha kipimajoto hakikuzama kwenye maji. Kilining'inia hewani, juu ya maji, kikapima mvuke. Boyce alielewa kwamba habari muhimu ziko kwenye mvuke.

Watu walikipenda mpaka kikawa pambo. Kisha geji zikahamia ndani kwenye dashibodi, na kidole cha kupimia kikazamishwa majini, ndani ya injini. Kwanza zilitumia waya mwembamba wenye tundu, uliojaa kimiminika kinachotanuka kwa joto na kuusukuma mshale moja kwa moja. Baadaye umeme. Kila hatua ilikuwa nadhifu kuliko iliyotangulia, na kila hatua ilimtenga dereva na maji kidogo zaidi.

Hatua ya mwisho ni ya watu wa kazi yangu. Kompyuta ya injini ilipoingia, sensa haikuzungumza tena na mshale. Ilizungumza na kompyuta, na kompyuta ikauambia mshale uende wapi. Joto la kweli la injini hupandashuka muda wote: ukipanda mlima linapanda, ukiteremka linashuka. Wateja walikuwa wakiona mshale unacheza, wanaogopa, wanarudisha gari karakana bila sababu. Watengenezaji wengi wakalitatua kwa mistari michache ya programu: joto likiwa, tuseme, kati ya nyuzi 75 na 105, weka mshale katikati. Magari hutofautiana kwenye namba, wazo ni hilohilo. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika kitu cha namna hiyo, kuficha ujumbe wa hitilafu kwa sababu simu za malalamiko zilikuwa nyingi. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu angeweza kukiamini kitu kama hicho akiwa na tani moja ya saruji mgongoni.

Sasa turbo, maana bila hiyo hadithi ya pikapu haikamiliki.

Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu ambayo inapotea bure, basi uzungushe gurudumu, na gurudumu hilo lizungushe lingine linalosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Kilichoipa heshima ni milima na ndege. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, mita 4,300 hivi. Injini iliyotoa nguvu-farasi 350 chini tambarare ilitoa 230 tu kule juu, kwa kukosa hewa. Alipowasha turbo, ikatoa 356.

Magari madogo yalisubiri mpaka 1962, na moja ya yale ya kwanza, Oldsmobile Jetfire, lina kisa ambacho kila mwandishi wa programu atakifurahia. Hewa ikibanwa hupata moto (shika pampu ya baiskeli ukimaliza kujaza tairi). Oldsmobile walitatua joto hilo kwa kunyunyizia mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo ambalo mwenye gari alipaswa kulijaza. Wengi hawakulijaza, nguvu ikapungua, malalamiko yakaja, na mwishowe kampuni ikawa inawaondolea wateja turbo yenyewe. Watumiaji hawasomi maelekezo. Haikuanza na simu.

Siku hizi badala ya tangi hilo tuna intakula, kirejeta cha hewa kinachopooza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Kwenye pikapu ya mjomba kimefungwa mbele ya rejeta ya maji.

Sasa shika hesabu za kwetu. Kakamega iko mita 1,535 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 14. Zile pikapu za Peugeot 504 ambazo wazazi wetu walipanda zikiwa matatu hazikuwa na turbo: zilipofika milimani zilikosa pumzi, zikatoa nguvu kidogo, na kwa hiyo joto kidogo. Injini na rejeta vilidhoofika pamoja. Turbo inauvunja usawa huo. Injini inarudishiwa hewa yake na kutoa nguvu karibu kama iko pwani, na joto la kadiri hiyo, lakini hewa inayopita kwenye rejeta ni ileile nyepesi ya mlimani. Na kabla haijaifikia rejeta, imeshapashwa moto na intakula. Rejeta la gari lenye turbo huku kwetu halina akiba kubwa ya kupoteza.

Kuna hesabu ya pili, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kakamega maji hayachemki kwa nyuzi 100. Yanachemka kwa 95 hivi, na Timboroa, zaidi ya mita 2,700, karibu 91. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, kile chenye springi. Kikiwa kizima, cha baa 0.9, kinayabana maji mpaka yasichemke kabla ya 115 au 116 hapa kwetu. Mpira wake ukikauka, umerudi kwenye 95.

Unaona shimo lilipo? Mshale umeandikiwa ukae katikati mpaka 105. Kwa kifuniko kibovu, hapa magharibi ya Kenya, maji yanaweza kuchemka na kuisha yote bila mshale kutikisika.

Haya yalikuwa ya kwenye karatasi tu. Jumamosi moja tulipakia pikapu mifuko ya saruji, si yote, tukashuka Kisumu ili tuupande mlima. Alikuwepo fundi mmoja wa jua kali hapa mjini, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye mjomba alimwomba aje kama shahidi. Mimi nilikuja na kipakatalishi na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, nakala ya bei nafuu ya chipu ya ELM327 (kampuni ya Kanada iliyoibuni, ELM Electronics, ilifunga milango mwaka 2022, nakala zinaendelea kuzaana). Marekani ililazimisha tundu hilo kwenye magari tangu modeli za 1996, na Ulaya ikafuata. Unaiuliza kompyuta ya gari "01 05", inakujibu namba. Toa 40, hilo ndilo joto la maji kwa nyuzi. Ikijibu 7B, yaani 123, joto ni 83. Nikaandika programu ya mistari thelathini ya kuuliza kila sekunde na kuhifadhi.

Kondele 84. Mwanzo wa mlima 88. Katikati ya Riat 93, 94, 95, 96. Mshale wa dashibodi, katikati kama msumari. Halafu namba zikasimama. 96, 96, 96, kwa zaidi ya dakika tatu, na mlima bado unaendelea. Nikamwambia mjomba, imetulia, nenda tu. Kisha ikaanza kushuka: 92, 88, 83, haraka kuliko ilivyopanda. Nikadhani programu yangu ina mdudu. Nikaanza kuipitia mistari palepale, kipakatalishi mapajani.

Fundi aliuliza, "Kijana, inasema ngapi?"

"Themanini na tatu, mzee. Inapoa."

"Inapoa na tunapanda?" Akamgeukia mjomba. "Zima gari. Zima sasa hivi. Hakuna maji hapo."

Mjomba alizima. Tulikaa kando ya barabara karibu nusu saa kabla fundi hajaruhusu mtu aguse kifuniko. Tulipomimina maji, yalipita lita nne na zaidi.

Programu haikuwa na mdudu. Zile 96 zilizosimama zilikuwa maji yanachemka: yakichemka, joto halipandi, linageuka mvuke na kutoka. Na zile namba zilizoshuka ni sensa iliyobaki hewani. Kidole chake kilikuwa kimetengenezwa kukaa majini. Maji yalipoondoka, kikaanza kupima mvuke mwepesi unaopita huku chuma cha hedi kikiiva pembeni yake. Ndivyo mshale wa mjomba ulivyoshuka mwaka jana, naye akaendelea kupanda kwa furaha. Nilikuwa na namba zote mkononi na nilikuwa karibu kuiua injini ileile kwa mara ya pili. Fundi hakuwa na namba hata moja. Alijua tu kwamba gari lenye mzigo halipoi likipanda.

Uchunguzi uliobaki aliufanya yeye, nami nikashika tochi.

Kwanza kuhakikisha hedi haijapasuka tena. Alifunga juu ya mdomo wa rejeta kichupa chenye dawa ya buluu, ambayo hugeuka rangi ikikutana na moshi wa injini. Injini ikanguruma dakika kadhaa, dawa ikabaki buluu. Mjomba alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Kisha kifuniko: mpira mgumu kama kucha. Kisha akaibana rejeta kwa vidole upande wa mbele, ikaonekana safi, lakini akamtaka kijana wake aishushe intakula. Kati ya intakula na rejeta kulikuwa na blanketi la vumbi, manyoya na makapi ya miwa, limeshikamana kwa mafuta. Kutoka mbele huoni kitu.

La mwisho lilinishangaza. Thamostati haikuwepo. Kile kivalvu cha nta kinachofungua njia ya rejeta maji yakipata moto (Sergius Vernet wa Detroit alikibuni miaka ya 1930) kilikuwa kimetolewa na fundi fulani wa zamani. Nimesikia tangu utotoni kwamba ukikitoa gari linapoa zaidi, na kwa magari ya zamani sana wakati mwingine hapakuwa na hasara kubwa. Lakini kwenye injini nyingi za leo kivalvu hicho kina sahani mbili: ya kwanza ikifungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja rejeta. Asubuhi gari linachelewa kupata moto, mwenye gari anaona ushahidi kwamba "linapoa", na mlimani linamwangusha.

Kwa hiyo yalikuwa matatu. Makapi na thamostati iliyokosekana viliyapandisha maji mpaka 96. Kwa kifuniko kizima, 96 isingekuwa kitu. Na ule mshale ulihakikisha hakuna anayejua.

Gharama yote, pamoja na kulanti ya kweli badala ya maji ya bomba, haikufika hata robo ya tuliyolipa kwa hedi.

Tulipanda Riat tena wiki iliyofuata, mzigo kamili. Joto la juu kabisa 94, pale karibu na Kiboswa, na maji hayakupungua. Ila mjomba haiamini tena dashibodi, nami simlaumu. Nilimtengenezea kidude: sensa ndogo ya joto yenye tundu la bolti, tuliyoifunga kwenye chuma cha hedi chenyewe, nje kabisa ya maji, na kibodi kidogo cha Arduino kinachopiga king'ora chuma kikipita nyuzi 110. Fundi alikiangalia kwa muda, akauliza kinafanyaje kazi, nikamweleza. Akasema babu yake alifanya kazi ya kutia makaa kwenye reli Kisumu, na kwamba kule walikuwa na kitu kama hicho, cha risasi.